Katekista na Wasimamizi wa Mbwa

Nianze na ukweli, nisije nikaonekana nampamba: Katekista wetu alikuwa hapendi mbwa, na mbwa nao walikuwa wanalijua hilo. Akipita na baiskeli yake, mbwa waliolala tangu asubuhi bila kumjali mtu wala kuku waliamka, wakamsindikiza kwa kelele mpaka mwisho wa kijiji. Yeye miguu kaipandisha juu ya fremu, baiskeli inajiendea yenyewe kwenye mteremko, midomo inacheza. Alikuwa anasali au anatukana, hatukuwahi kujua.

Sasa mtu huyohuyo ndiye aliyemaliza nguvu zake, kwa miaka mingi niliyomfahamu, kuwakusanya mbwa wa Butiama wachanjwe kichaa. Alipoona wa Butiama hawamtoshi akaenda kuwatafuta na wa Bunda. Nani kamtuma? Halmashauri haikumtuma. Paroko hakumtuma, tena paroko alimkumbusha mara kwa mara kwamba utume wa katekista ni kwa wanadamu. Alichotaka ni kitu kimoja, na alikisema kila mahali mpaka tukachoka kukisikia: asizikwe mtoto mwingine kwa ajili ya mbwa. Hilo neno "mwingine" ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi, na nitalifikia.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, alisoma na nani, waulizeni ndugu zake. Mimi nina mgahawa hapa senta, napika chai, ugali na samaki, na nilimjulia kwenye meza yangu ya pembeni. Alikuwaga anafundisha dini na kuongoza ibada za Jumapili padri asipofika, lakini kwetu Butiama neno Mwalimu lina mwenyewe, mtu hajipachiki tu. Kwa hiyo tulimwita Katekista, na aliridhika.

Alivaa koti la suti jua liwake lisiwake. Mfuko mmoja wa koti ulikuwa na rozari, wa pili ulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, na kwa kuwa hakuwa mwangalifu, rozari yake ilinukia sabuni na sabuni ilikuwa na alama za shanga. Alikuwa mkali kwa wachelewaji, na yeye mwenyewe alichelewa kila mahali. Alikataza umbea kanisani, kisha anakuja kwangu, anavuta kiti: "Haya mama, kijijini wanasemaje?" Mbwa aliongea nao Kiswahili tu, tena cha ofisini. "Tulia ndugu. Subiri zamu yako. Huduma inakuja." Nilipomuuliza kwa nini hawasemeshi Kizanaki, maana ndiyo lugha waliyozaliwa nayo, akanijibu kwamba mbwa ukimsemesha kwa lugha ya nyumbani anakuletea mazoea.

Kliniki yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi moja bwana mifugo anakuja na pikipiki, kapakia kisanduku cha barafu chenye dawa. Anaweka meza kwenye kibaraza cha kanisa la kigango. Ada ni ndogo, haifiki hata bei ya soda, na mwenye mbwa anaondoka na kadi ya chanjo pamoja na leseni ya kufuga, yaani karatasi ya halmashauri inayosema mbwa huyu ana mwenyewe, na mwenyewe ni fulani. Sindano watu hawakuikataa. Hiyo karatasi ndiyo iliyowakimbiza. Kwetu mbwa akifukuza mwizi wa mbuzi anakuwa na wenyewe wengi sana, kila mtu anasema ni wake. Akimng'ata mtu, hana hata mmoja.

Kliniki ya kwanza nilikuwepo, nimepeleka maji na sabuni kama nilivyoagizwa. Akaja baba mmoja na mbwa mwekundu, kamfunga kamba shingoni.

"Mbwa wa nani huyu?" Katekista akauliza.

"Ah, huyu anapitaga tu."

"Anapitaga akielekea wapi?"

"Sijui, Katekista. Mimi namuonaga tu hapo jikoni kwangu."

"Na kamba umemfunga ya nini?"

"Asipotee."

Ikawa hivyo mpaka mchana. Mbwa wote wa Butiama walikuwa wapita njia. Bwana mifugo akafunga kisanduku chake, dawa karibu yote imebaki, akasema watu wa huku wagumu. Katekista akapanda baiskeli yake. Alikuja kwenye meza yangu kufikiri, na kufikiri kwake kulikuwa kubaya kwa biashara, maana alikuwa anafumba macho na wateja walidhani anawaombea chakula chao.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya ndoa, akatangaza na lake. Kuanzia sasa, alisema, mbwa hataletwa na mwenyewe peke yake. Kila mbwa atakuwa na msimamizi, na msimamizi atakuwa jirani. Mwenye mbwa atasimama nyuma, anyamaze. Jirani ndiye atakayeulizwa mbele: unamjua mbwa huyu? Analala wapi? Anakula kwa nani? Na ni huyo msimamizi atakayehakikisha mbwa anarudi kuchanjwa kila mwaka, na kama kuna vitoto, vikitimiza miezi mitatu na vyenyewe viletwe.

Kanisa lilicheka. Kina mama wa kwaya walicheka mpaka kitambaa cha kinanda kikaanguka. Msimamizi, kama wa ubatizo! Mtendaji wa kijiji, ambaye hata si Mkatoliki, alikuja mpaka kwangu kulalamika kwamba sheria ndogo za halmashauri hazimtambui msimamizi wa mbwa.

"Zinamkataza?" Katekista akamuuliza.

"Hazimkatazi, ila hazimtaji."

"Basi wewe andika mwenyewe kwenye leseni yako. Msimamizi niachie mimi."

Jamani, siku ya kliniki ilipofika sikuamini. Mtu wa kwetu atamkana mbwa wake mchana kweupe, lakini mbwa wa jirani anamjua mpaka bibi yake. Majirani walisimama mbele, wakashuhudia kwa moyo mweupe. "Huyo? Huyo ni wa baba nanii, tangu akiwa kitoto! Analala chini ya ghala, na juzi kala mayai yangu." Mwenye mbwa anakohoa kule nyuma, anataka kukana, atakanaje? Bwana mifugo alichanja mpaka dawa ikamwishia, na mtendaji akaandika leseni mpaka akaomba chai.

Usimamizi ukageuka cheo. Watu walianza kununiana kwa kutochaguliwa. Kulikuwa na wazee wawili wasiosalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba la mihogo. Katekista kwa makusudi akampa kila mmoja usimamizi wa mbwa wa mwenzake. Mwezi haujaisha, mmoja akaingia mgahawani kwangu anafoka: "Yule mzee ananikondeshea mtoto!"

"Mtoto gani tena, baba?"

"Mbwa wangu wa kusimamia! Nimempita leo, mbavu zote nje!"

Mpaka leo mpaka wa shamba hawajaelewana. Ila mbwa wao wamenenepa, wanalishwa nyumba mbili.

Tatizo lingine lilikuwa majina. Kwetu mbwa anapewaga jina la kumjibu jirani, na kila mtu anajua. Katekista, ambaye hakufuga mbwa, aliona ni jambo la maana majina yasomwe kwa sauti. Akasimama kibarazani, akaita: "Mtachoka! Mtachoka yuko wapi?" Mama mmoja akainuka na kigoda chake mkononi. "Nani achoke? Ulimpa jina hilo kwa ajili yangu, si ndiyo?" Mwenye Mtachoka akasema wala, ni jina tu la ukoo wa mbwa. Wivu Hausaidii na Nyumba Yangu walikuwa bado wako kwenye foleni. Ilibidi bwana mifugo aweke sindano chini asimame katikati. Tangu siku hiyo mbwa waliitwa kwa rangi.

Watoto wa mafundisho nao hakuwaacha. Kati ya amri za Mungu na amri za Kanisa alipenyeza ya kwake: ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, muda mrefu, halafu hospitali, siku hiyohiyo. Waliiimba kila kipindi. Basi akaja padri mgeni kuwapima kabla ya kipaimara, akamuuliza binti mmoja, "Mkristo akianguka dhambini afanye nini kwanza?" Binti akajibu bila kuvuta pumzi: "Aoshe kwa maji mengi na sabuni, aende hospitali, asimsikilize mtu." Padri alimwangalia Katekista. Katekista aliangalia dari. Baadaye alinieleza kwamba jibu halikuwa baya, limekosa sakramenti tu.

Sifa zake zikafika Bunda. Kule Nyasura ni mjini, nyumba zina mageti, na geti la mjini lazima liandikwe Mbwa Mkali. Alikwenda na vijana wa parokia ya huko kuhamasisha kliniki ya mtaa, na kila geti jibu lilikuwa moja: hapa hatuna mbwa. Yeye anarudi hatua moja nyuma, anasoma kwa sauti ya kusomea somo la kwanza. "Geti linasema kuna mbwa, tena mkali. Wewe unasema hakuna. Nimwamini nani, na nyumba ni hiyohiyo moja?" Wengine walicheka wakatoa mbwa. Wengine walikiri kwamba kweli hawana, wameandika tu kuwatisha wezi. Hao aliwaambia wafute, kwa sababu uongo ulioandikwa kwa rangi ni mbaya kuliko wa mdomo. Mwanamke mmoja alileta paka ndani ya kapu la sokoni, akauliza kwa aibu kama na paka wanachanjwa. Katekista alifurahi mpaka akamsimamia yeye mwenyewe.

Mugeta, hukohuko Bunda, ndiko walikompa kazi. Wale ni wafugaji, mbwa wao wanaondoka na ng'ombe alfajiri, na wana imani yao kwamba mbwa akichomwa sindano anapoa, fisi akija anamsalimia. Katekista akaiweka kliniki pale kwenye josho, siku ya kuogesha ng'ombe, maana ng'ombe wakija mbwa wamekuja. Mzee mmoja mrefu, mwenye fimbo, akamwambia: "Sisi hatutaki mbwa wapole."

"Wewe ulichanjwa ndui?" Katekista akauliza. Alama si ilikuwa inaonekana begani.

"Nilichanjwa."

"Umepoa?"

Mzee alifikiri. Wake zake walikuwa wamesimama hapohapo, na mmoja wao ndiye aliyejibu kwamba hapana, hajapoa hata kidogo. Mbwa wa yule mzee ndio waliotangulia kuchanjwa.

Nimeahidi kusema habari ya neno "mwingine". Nimekuwa nikizunguka, si kwa sababu nimesahau.

Kabla ya yote haya, Katekista alikuwa na kipaji kimoja kilichomfanya apendwe kuliko koti lake: kusuluhisha. Hakuna ugomvi uliomshinda. Mume na mke, mkwe na mkwe, wenye ng'ombe na wenye shamba, aliwakalisha, aliwasemesha taratibu, na jioni wanakula sahani moja. Sisi huku tunajulikana kwa hasira, sikatai, kwa hiyo mtu wa namna hiyo ni mali.

Alikuwepo binti anaitwa Vero, mtoto wa jirani yangu, yule anayeuza michembe, viazi vitamu vya kukausha, karibu na kisima. Mtoto mchangamfu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Aling'atwa mkononi na mbwa wa nyumba ya pili, jeraha dogo tu, la kutazama na kusahau. Lakini nyumba hizo mbili zilikuwa na ugomvi wa siku nyingi wa ng'ombe kuingia kwenye mihogo, na mapanga yalishaanza kutazamwa. Wakamwita Katekista. Aliifanya kazi yake vizuri kuliko siku zote. Mwenye mbwa aliomba radhi akalia. Alileta kuku. Manyoya ya yule mbwa yalichomwa, majivu yakapakwa kwenye jeraha kama wazee walivyofanyaga. Wakala pamoja, Vero akapewa paja. Ugomvi wa mihogo nao ukaishia hapohapo. Jumapili Katekista alihubiri habari hiyo, jinsi jino la mbwa lilivyoleta amani.

Na kwa kuwa amani ilikuwa imepatikana, hakuna aliyempeleka mtoto hospitali. Angepelekwa kwa lipi? Jambo lilikuwa limekwisha. Mbwa mwenyewe alitoweka baada ya siku chache, na kumuulizia ingeonekana ni kufukua yaliyozikwa. Tulisuluhisha watu, mtoto tukamwacha na jeraha lake.

Wiki zilipita, Vero akaanza kuumwa. Akaogopa maji. Sitaeleza zaidi ya hapo, walioona wanajua na ambao hawajaona Mungu awaepushe. Walipomkimbiza hospitali daktari aliwaambia kwamba ugonjwa huo ukishaanza kuonekana hauna tena dawa, na kwamba dawa ilikuwepo ile siku ya kuku.

Makaburini, mbele ya watu wote, mama yake Vero alimfuata Katekista, akamshika mkono, akasema kwa sauti, "Nimekusamehe." Watu walilia. Walisema ule ndio Ukristo, na mahubiri yake yamezaa matunda. Mimi nilikuwa karibu, nikaona uso wa Katekista. Ulikuwa uso wa mtu aliyenyimwa kitu.

Baada ya hapo kipaji chake aliking'oa kwa mikono yake. Ugomvi mwingine aliendelea kuusuluhisha, ila ukimtajia mbwa anageuka mtu mwingine. Siku moja mbwa wa mwenye duka alimng'ata mguuni mama mmoja mpita njia hapa senta. Wazee wakakaa haraka, soda zikafunguliwa, maneno mazuri yakaanza kusemwa. Katekista akaingia na baiskeli yake mpaka katikati ya kikao.

"Nani kaosha kidonda?"

Mtu akamsogezea kiti.

"Nani kampeleka hospitali?"

"Katekista," mzee mmoja akasema, "sisi tumeshaelewana."

"Mmeelewana na nani? Na mbwa?" Akampindulia mtu soda yake, katekista mzima! "Hapa hakuna amani! Amani ni marufuku!" Akamkalisha yule mama kwenye ngazi ya mgahawa wangu, akamwosha mguu kwa ile sabuni yake na ndoo zangu za maji, muda ule ambao mtu anapikia maharage, halafu akamtafutia usafiri wa hospitali Musoma, akampandisha, akapanda na yeye. Na njiani, mama huyo alinieleza mwenyewe, alimsihi hivi: "Usimsamehe mtu mpaka umalize sindano zote. Ukimsamehe mapema utazembea. Dhambi yake nitaibeba mimi."

Mama alitii. Alimaliza sindano zote. Ila kwa kuwa alishazoea kutosamehe, akanogewa, na mpaka leo hanunui kitu kwenye duka lile, anatembea hadi la mbali. Mwenye duka alikuja kumlaumu Katekista kwamba amemharibia ujirani. Katekista alimuuliza kama yule mama yu hai. Akasema yu hai, tena anamtukana. Katekista akamwambia ashukuru.

Watu walisema kichaa kimempanda yeye badala ya mbwa. Nami nilisema, sitajitoa. Mtu aliyekuwa anazima moto sasa anatembea anauchochea! Lakini polepole tukazoea. Ikawa mtu aking'atwa hapa kwetu haulizwi kwanza ni mbwa wa nani, anaulizwa kama kaosha, na kadi ya chanjo ya mbwa inatafutwa, na msimamizi anaitwa aje aseme. Hata mbwa akiwa na kadi, Katekista aliwasukuma hospitali wakaamuliwe huko. Kuhusu mtoto mwingine, hatukuzika. Nasema hivyo kwa kugusa meza, na mbwa wabaya walikuja, tena zaidi ya mmoja.

Ninyi mnaosoma msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Nyumbani kwake alikuwa na paka, dume, kijivu, asiyeshikika. Kila kliniki paka huyo alipotea, na kila mwaka Katekista, msimamizi mkuu wa wanyama wote wa Mara, alikuwa na mnyama asiyechanjwa chini ya kitanda chake. Bwana mifugo akimuuliza habari za paka, anakuwa na haraka. Siku moja nilimkuta anamwekea dagaa ndani ya gunia ili amnase, paka anamtazama kutoka juu ya kabati. Nilimuuliza, "Katekista, huyo paka ni wako?" Akanijibu bila kugeuka: "Huyu? Anapitaga tu." Nilicheka hadi nikakaa chini. Alipomnasa hatimaye alichanwa mikono yote miwili, akaoga sabuni kama anayefua, akapanda gari la Musoma peke yake.

Miguu yake ilipoanza kuvimba, binti yake akamchukua akaishi naye Musoma, Nyakato. Tukapewa katekista mpya, kijana mzuri. Huyu anapenda mbwa, anawapapasa kichwani, anawaita kwa majina yao. Kuwashika hajui. Lakini wasimamizi wamebaki, na ndio wanaoendesha kliniki, kwa hiyo kijana anapapasa na kazi inakwenda.

Mwaka huu, baada ya kliniki, niliamua kwenda kumwona. Mama Vero akaniambia tutakwenda wote. Nilishangaa kidogo, maana ingawa walisalimiana vizuri miaka yote hiyo, "Tumsifu Yesu Kristo," "Milele amina," sikuwahi kuwaona wamekaa pamoja. Nikafikiri, vema, mzee anaumwa, ni vizuri.

Tulimkuta kitandani, chumba cha uani, koti limetundikwa ukutani. Kakonda. Binti yake alituletea chai, na sato wa kukaanga, akatoka. Katekista hakutaka habari za afya. Alitaka habari za mbwa. Nikampa: waliofika, waliokimbia, yule mzee wa Mugeta aliyekuja na mbwa wa majirani zake wote kwenye kamba moja. Akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa najisikia vizuri, nikaona ziara yetu imefanikiwa.

Ndipo Mama Vero akaweka kikombe chini.

"Katekista, nina neno."

"Sema, mama."

"Siku ile makaburini nilikuambia nimekusamehe."

"Ndiyo."

"Nilidanganya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Vero hakuinua sauti. Alisema watu walikuwa wanamtazama, Katekista ndiye aliyeshika kitabu cha ibada, na mwanamke aliyefiwa angesema nini mbele ya kundi zima? Alisema tangu siku ile hakuna aliyemuuliza tena chochote, kwa kuwa ilishajulikana kwamba amesamehe. Kila mtu alimsifu, na akiwa na hasira hana wa kumwambia. Miaka yote hiyo aliona Katekista anavyokusanya mbwa, akafurahi kwa ajili ya watoto wa wenzake, na akamchukia hivyohivyo. "Hata leo asubuhi nimekuchukia," alisema, "nikapanda gari."

Mimi nikaingilia. Ningefanya nini? "Mama Vero, mwenzio anaumwa. Haya ni ya zamani. Tusali kidogo, tuyamalize..."

"Wewe nyamaza," Katekista akanikatiza, na sikuwahi kumsikia akinikaripia namna ile tangu tujuane. "Umeshaanza kusuluhisha."

Akaegemea ukuta, akasukuma mto, akateremsha miguu yake iliyovimba mmojammoja mpaka ikagusa sakafu, ili akae kama mtu na si kama mgonjwa. Ilimchukua muda na hakutaka kusaidiwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta.

"Asante mama," akasema. "Nilikuwa nakungoja. Anza pale alipong'atwa. Usinifupishie."

Mama Vero akaanza. Mwanzoni alisema taratibu, kuhusu ule mkono, na kuku, na jinsi mtoto alivyolila lile paja akicheka. Kisha akafika kwenye ndoo ya maji. Hapo sauti ikampanda, akasimama, akampigia kelele mzee mgonjwa kitandani kwake, maneno ambayo sikujua anayo, Kizanaki na Kiswahili pamoja. Katekista alimtazama usoni muda wote. Binti yake akaja mbio, kikaango mkononi. Majirani wa Nyakato wakajaa mlangoni, wanaume wawili wakaingia kabisa, wanauliza kuna nini, tukae chini, tuongee kiungwana, jambo gani hili lisilosuluhishika.

Katekista akawanyoshea kiganja wasije karibu.

"Tokeni," akasema. "Mwacheni anigombeze."